Udongo, Maji na Mikono ya Watu

Mdogo wangu alifika siku tatu baada ya mazishi ya mama. Ndege ya kwanza ilichelewa, akakosa ya pili, halafu sijui kukatokea nini tena. Alinieleza yote pale mlangoni, sanduku bado liko mkononi, na mimi nikamsikiliza kama ninavyowasikiliza wauguzi wanaokuja kunieleza kwa nini mashuka ya wodi yao hayaonekani. Mimi ni mfuaji wa hospitali. Nimesimama mbele ya mashine zile miaka ishirini na miwili, na kazini hawaniiti kwa jina langu, wananiita Bi Mashuka. Yeye anafinyanga sanamu. Alikwenda kusomea ng'ambo akabaki hukohuko, na mwaka ule aliofiwa ulikuwa wa kumi na moja tangu aondoke. Nyumbani tulimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo la mama, na hata magazeti yalipoanza kumwandika kwa jina lake kamili, kwetu alibaki Kitinda.

Mama alikuwa mkunga wa zahanati. Ukienda naye dukani unatoka asubuhi unarudi mchana, maana kila hatua mbili mtu anamsimamisha: "Mkunga, huyu ndiye yule uliyemvuta kwa miguu, ona alivyokuwa mrefu!" Naye anacheka. Alikuwa na kicheko cha kuinua mabega, meno yote nje, halafu anamshika mtoto kidevu na kumgeuza uso huku na huku kama anayekagua nyanya sokoni.

Kiharusi kilimpata asubuhi moja akijiandaa kwenda kanisani. Alibaki hai, lakini upande wa kulia wa uso ulianguka. Namna ya kueleza ni hii: chukua shuka lililolowa, lianike, halafu ng'oa kibanio kimoja. Shavu lilining'inia, kona ya mdomo ikashuka hadi karibu na taya, na jicho la upande ule likakataa kufumba, ikabidi kila jioni nilifunge kwa plasta ili lisikauke. Wiki ya pili aliomba kioo. Nikampa. Alijitazama kitambo kirefu, kisha akakilaza kitandani kifudifudi akasema, kwa yale maneno yake mapya mazito, "Funga mlango."

Tangu siku hiyo alikuwa na kitambaa cheupe mkononi. Akisikia tu hodi, kitambaa mdomoni. Baadaye akakataa wageni kabisa. Wakunga wenzake walikuja mara tatu, nikawarudisha mara tatu, nikionekana mimi ndiye mwenye roho mbaya. Kuhusu Kitinda aliniapisha. "Huyo asinione hivi," alisema. "Huyo ananijua mzima. Niapie." Nikaapa. Kwa hiyo Kitinda akipiga simu ya picha, mimi nasema mtandao unasumbua. Akisema atakuja, mimi nasema usijisumbue, mama anaendelea vizuri. Siku ambazo ulimi ulikuwa mwepesi walizungumza kwa sauti tu, dakika tano, na mama akimaliza alikuwa anatoka jasho kama aliyebeba gunia.

Mara mbili alitaka kuja, na mara mbili nilimkataza. Nisijitie utakatifu: angetaka mara ya tatu nisingemkataza. Nilikuwa nimechoka, mgongo hauinuki, namgeuza mama kitandani usiku, mchana nageuza mashuka. Nilisubiri aulize mara ya tatu. Hakuuliza. Tukaenda hivyo miaka minne, mama akafa.

Mwaka mmoja baada ya mazishi Kitinda alirudi tena, safari hii na kazi. Kulikuwa na ghala la zamani la mbegu lililogeuzwa ukumbi wa sanaa, na meneja wa ukumbi huo, bwana mmoja wa miwani yenye kamba shingoni, alikuwa amemwalika. Kitinda alinieleza jikoni kwangu, akichora kwa kidole juu ya meza.

"Nitamfinyanga mama mzima, ukubwa wake uleule. Amekaa kwenye kigoda cha zahanati, mikono mapajani. Lakini uso nitauacha."

"Utauacha vipi?"

"Utakuwa mviringo tu. Uso watautengeneza watu. Wiki tatu mlango uko wazi, anayemjua aingie, asiyemjua aingie. Kila mtu atie mkono wake."

"Na wewe je?"

"Mimi sehemu yangu nitakuwa nimemaliza. Kazi siyo ile sanamu, dada. Kazi ni kile kitakachotokea kati ya sanamu na watu."

"Kwa hiyo umekuja kutuachia sisi tena," nikasema.

Alicheka. Alidhani natania.

Alifanya kazi mwezi mzima pale ghalani, na siwezi kusema uongo, alifinyanga vizuri. Nilipitia siku moja kumpelekea chakula nikamkuta anamaliza mikono. Ilikuwa mikono ya mama kabisa, vidole vifupi, kucha zimekatwa hadi kwenye nyama. Niliweka sahani chini nikaondoka bila kuaga. Siku ya ufunguzi sikwenda. Nilikuwa na zamu.

Habari zilinifuata kazini. Mbele ya sanamu waliweka beseni la maji, ndoo ya udongo laini na kibao: *Gusa. Ongeza. Punguza. Futa. Mkono wa mwisho ndio utakaobaki.* Mwisho ulikuwa Jumamosi ya wiki ya tatu, saa sita kamili mchana.

Wiki ya kwanza walikwenda waliomjua. Kila mmoja alikuwa na mama yake. Mmoja anatengeneza pua, mwingine anasema pua gani hiyo, mkunga hakuwa na pua ya bata, anaifinya upya. Mwalimu mmoja mstaafu na mwenye duka la vifaa vya baiskeli walitaka kupigana kwa sababu ya baka la kuzaliwa, liko shavu la kushoto au la kulia. Halikuwa shavuni hata kidogo, lilikuwa shingoni. Wiki ya pili wakaanza kuja wasiomjua, na hapo ikawa vurugu. Dereva wa lori akamtia sharubu, eti amemkumbuka bibi yake. Kuna aliyemvisha hereni za vizibo vya soda. Kuna waliomfanya mama yao wenyewe, wakalia, wakapigwa picha, wakaondoka, na aliyefuata akafuta kwa kiganja kimoja kama anayefuta ubao. Wanafunzi wakampa pembe. Meneja wa ukumbi alifurahi mno. Watu walikuwa hawajawahi kupanga foleni mlangoni kwake.

Kila jioni Kitinda alinyunyiza maji na kufunika kichwa kwa nailoni kisifanye ufa. Alikuja kula kwangu. Siku aliyowekewa mama pembe hakula.

"Si ulisema kazi ndiyo hiyo?" nikamuuliza. "Kinachotokea kati ya sanamu na watu?"

"Ndiyo kazi," alisema, akainuka kuosha mikono ambayo alikuwa ameshaiosha.

Alhamisi ya wiki ya mwisho alinifuata mahali pa kazi. Alikuwa hajawahi kuingia mle ndani. Alisimama katikati ya mvuke na vigari vya nguo chafu, akiziba pua kidogo kwa ustaarabu, mashine zote zinanguruma, ikabidi tupige kelele.

"Dada, njoo Jumamosi!"

"Nina zamu!"

"Zamu yako inaisha saa nne, nimeuliza! Nimekuwekea nafasi ya mwisho!"

"Nafasi gani?"

Akanisogelea sikioni. "Wote wanamfanya anacheka. Hata mimi ningemfanya anacheka. Nikimtazama pale naona picha ya kalenda. Wewe ndiye ulikuwa naye. Naomba."

Neno hilo, naomba, sikuwahi kulisikia kwake tangu akiwa mtoto wa kuomba kubebwa. Nikakubali.

Jumamosi nilikwenda na sare yangu, dawa ya kufulia inanuka mikononi. Ukumbi ulikuwa umejaa, watu sitini au zaidi, kamera, viti vya wakubwa mbele. Mama amekaa katikati, na kichwani ana uso wa mtu yeyote: macho makubwa, tabasamu pana, pua imevimba kwa kuongezwaongezwa. Kitinda alikuwa anahojiwa. Nilisimama nyuma ya nguzo nikasubiri amalize, ndipo nikamsikia.

"Mimi na mama hatukuwa na siri," alikuwa anasema kwenye kipaza sauti. "Tulizungumza kila wiki hadi siku zake za mwisho. Umbali haukututenganisha. Uso wake ninaujua hata nikifumba macho, ndiyo maana niliweza kuuacha."

Watu wakapiga makofi kidogo, yale ya adabu.

Damu ilinipanda. Nilifikiria plasta ya jicho. Nilifikiria uji unaotoka kona ya mdomo, ule uji ninaoufuta kabla haujafika shingoni, kijiko kimoja, kitambaa, kijiko kimoja, kitambaa. Hakuwa na siri! Nilitamani kumpa vidonge vyake palepale mbele ya wakubwa. Meneja akachukua kipaza sauti, akatazama saa, akatangaza kwamba mkono wa mwisho ni wa "mmoja wa wanajamii wetu." Nilimtazama Kitinda amsahihishe. Aseme tu, huyu ni dada yangu. Alinipa ishara ya kichwa, njoo.

Nikaenda. Nikachovya mikono kwenye beseni, kitu cha kwanza nikafuta. Nilifuta uso wote, yale macho makubwa, tabasamu, ile pua, hadi ukabaki mviringo kama ulivyoanza. Kisha nikaanza chini ya jicho la kulia na kidole gumba.

Sikuwahi kufinyanga kitu maishani, hata chungu cha kuchezea. Lakini uso ule nilikuwa nimeuosha mara tatu kwa siku kwa miaka minne. Sikuhitaji kufikiri. Kidole kilijua mfupa unakoishia na mahali nyama inapolegea. Nilivuta kope ya chini ikafunguka, ikaonyesha ule utando wa ndani. Nilishusha shavu. Nilipofika mdomoni nilitumia viganja viwili, kimoja kinashika upande mzima, kingine kinauacha upande mwingine uende, na ulikwenda wenyewe, taratibu, ukakaa pale ulipokuwa ukikaa. Nikaongeza ule mkunjo mdogo wa kidevu, uliokuja mwaka wa tatu alipopungua mwili. Upande wa kushoto sikuuchezea sana. Ule ulibaki mama hadi mwisho, ukimtazama mtu kana kwamba unamwomba radhi kwa ajili ya mwenzake.

Nikasimama kando. Halafu nyuma kukatoka kwikwi ya mtu, halafu makofi, na safari hii hayakuwa ya adabu.

Kitinda alisogea hadi pua yake karibu iguse udongo. "Nani huyu?" aliniuliza, kwa sauti ndogo.

"Mama."

Kengele ikalia. Saa sita.

Alibaki amesimama, mkono umeshika shingo yake mwenyewe. Ningependa kusema nilimwonea huruma. Wakati ule nilisikia raha, raha ya kweli, ya mtu aliyerudisha kofi. Ilidumu kiasi cha kugeuka tu na kuwatazama watu. Mstari wa mbele alikuwa muuguzi mmoja mzee, aliyezalisha pamoja na mama miaka thelathini, mmoja wa wale niliowarudisha mlangoni mara tatu. Alikuwa ameziba mdomo wake kwa kiganja. Vilevile. Kama mama na kitambaa chake.

"Kumbe ndiyo maana," alisema. "Masikini. Kumbe ndiyo maana alituficha."

Nilikuwa nimemkusudia Kitinda, na niliyemvua nguo mbele ya mtaa mzima ni mama. Miaka minne nimesimama mlangoni kama askari ili mtu yeyote asione kile, halafu nimekuja mwenyewe mchana kweupe, nikakitengeneza kwa mikono yangu, nikawaonyesha na wapiga picha.

Nikarudi kwenye beseni. Nilishachovya mkono, meneja akanishika kiwiko, kwa upole sana. "Kengele imeshalia, mama."

"Nafuta tu kidogo."

"Haiwezekani, mama. Kanuni ni kanuni. Na kwa kweli," miwani yake ilikuwa imepata ukungu, "kwa kweli ungekuwa unaua kitu kikubwa sana."

Nilimtafuta Kitinda kwa macho. Alikuwa amezungukwa na kamera.

Usingizi wangu wa siku hiyo haukuwa usingizi. Jumapili jua lilipochomoza nilichukua kitambaa, nikakilowesha, nikakitia kwenye mfuko wa nailoni, nikaenda ghalani. Mfagizi alinifungulia bila maswali. Naye alizaliwa mikononi mwa mama. Nilitegemea kukuta ukumbi mtupu. Kitinda alikuwa ndani, amekaa sakafuni mbele ya kigoda na magoti ameyakumbatia, waya mwembamba wenye vishikio viwili vya mbao uko kando yake.

Hakushangaa kuniona. Aliutazama mfuko wangu.

"Alikuwa anameza?" akaniuliza.

"Uji. Na ndizi ya kupondwa."

"Jicho lilikuwa linamuuma?"

"Mpaka nilipojua mambo ya plasta. Mwanzo liliuma."

Aliuliza mengi. Aliuliza kama alikuwa anaota ndoto, kama alikuwa analia, nani alimkata kucha. Nilijibu yote. Mwaka mzima tangu mazishi hakuna aliyeniuliza hata moja kati ya hayo, watu waliniambia pole na Mungu atakulipa, basi. Nilikaa chini karibu naye. Kwa nusu saa hivi tulikuwa watoto wa mama mmoja. Kama ningenyamaza pale, labda mambo yangekwenda kwingine. Lakini nilikuwa na kitambaa mfukoni.

"Kitinda, tuufute."

"Hapana."

"Mama alikataza. Hakutaka kuonekana. Alikuwa anajificha hata kwa wakunga wenzake."

"Alikuambia?"

"Aliniapisha."

Aligeuka akanitazama. "Na mimi? Mimi pia nilikatazwa?"

Ningeweza kumwongopea. Nilikuwa nimemwongopea miaka minne, mara moja zaidi isingeniua. Nikasema, "Wewe hasa."

Aligeukia tena uso wa udongo. Kisha akaanza kuongea, polepole, kama anayehesabu.

"Mtandao unasumbua. Mama amelala. Anaendelea vizuri. Mara mbili nilikata tiketi, dada. Mara mbili."

"Ungekuja ya tatu bila kuuliza."

"Ningejuaje? Mlikuwa mmekaa huku ndani wawili, mlango mmefunga, na mimi niko upande wa nje kama wale wageni. Unajua nilipofika hapa baada ya mazishi nilikuwa namlilia nani? Nilimlilia mtu wa kalenda."

"Yalikuwa matakwa yake."

"Na ya kwangu?" Akaonyesha uso wa udongo. "Hiki ndicho cha kwanza nilichopewa. Umenipa wewe, kwa hasira, nimeona, usifikiri sikuona. Lakini umenipa. Hukuja kunipa ili Jumapili uninyang'anye."

"Kaa nao basi. Uweke chumbani kwako. Usiwaonyeshe watu."

Hapo alisita, na kile kitambo alichosita ndicho kilichonipa jibu kabla hajafungua mdomo. "Kazi ni ya wote," akasema. "Watu mia nne na zaidi wametia mkono. Siyo yangu kuificha."

"Uso ni wangu, na mimi ndiye nasema nafuta."

"Wewe pia ulikuwa hadhira, dada."

Hadhira! Mimi niliyemkata kucha. Nilitoa kitambaa nikainuka, naye akainuka, tukashikana. Watu wazima wawili, mmoja ana miaka hamsini na mmoja, tunavutana kitambaa kilicholowa mbele ya mama. Yeye alikuwa na nguvu kuliko nilivyodhani. Kukanda udongo si mchezo. Alinisukuma kwa bega, nikaketi chini kwa nguvu, na nilipoinua uso alikuwa ameshauchukua ule waya. Sanamu kubwa haichomwi ikiwa imejaa, inapasuka tanurini, lazima ikatwe vipande ikombwe ndani. Hilo alinieleza siku za mwanzo, nilikuwa nalijua. Lakini kulijua ni jambo moja, na kumwona mdogo wako anamzungushia mama waya shingoni, anashika vishikio viwili, anafunga macho na kuvuta, ni jambo lingine.

Alikibeba kichwa kwa mikono miwili akakilaza juu ya sponji. Alikuwa analia. Hakuacha kazi.

Mwili haukuchomwa; ulibaki pale kwenye kigoda ukakauka na kupasuka, wakaurudisha kwenye ndoo. Kichwa kilitoka tanurini kizima. Picha zake zilizunguka kila mahali, na baada ya miezi michache jumba kubwa la makumbusho la mji mkuu likakichukua.

Nilikwenda kukiona mara moja tu, siku ya mapumziko, nikapanga foleni na darasa la wanafunzi wa sekondari. Kimewekwa ndani ya sanduku la kioo, taa ndogo inamulika kutoka juu. Chini kuna maandishi: *Mkunga. Udongo, maji na mikono ya watu,* na jina la mdogo wangu. Mwongozaji, kijana nadhifu mwenye fimbo ya kuonyeshea, alikuwa anawaeleza wanafunzi kwamba mdomo ule uliopinda ni sauti ya jamii iliyonyamazishwa, na jicho lisilofumba ni historia inayotutazama bila kusinzia. Wanafunzi wakaandika.

"Samahani, mwanangu," nikamwambia. "Alipooza tu. Upande wa kulia."

Alinitabasamia vizuri sana. "Ndiyo uzuri wa kazi hii, mama. Kila mtazamaji ana tafsiri yake."

Kitinda alinipigia wiki ileile, akiwa ng'ambo. Mtu alikuwa amemwambia nimeonekana pale. Alisema amezungumza na makumbusho, wanakubali kuongeza jina langu chini ya lake. Alisema ilikuwa lazima afanye hivyo tangu siku ile ukumbini, kwamba meneja alipotangaza vile yeye ulimi ulimganda, hajui kwa nini. Sauti yake ilikuwa ya kweli. Naamini ilikuwa ya kweli.

"Usiliandike," nikamwambia.

"Ni haki yako, dada."

"Mtu akisoma majina mawili ya ukoo mmoja atauliza nani alifanya nini. Usiliandike."

Akauliza habari za mgongo wangu, nikamwambia unaendelea vizuri.

Mtaani hawakunilaumu, na ningependelea wanilaumu. Walinihurumia. Waliniambia kumbe ulibeba mzigo mkubwa namna ile, tungejua tungekuja kukusaidia. Yule muuguzi mzee huja Jumamosi kunywa chai, na hakosi kusema "masikini" kabla hajamaliza kikombe. Mtu waliyekuwa wakimsimamisha njiani acheke nao wamemweka kando. Sasa hivi ukitaja mkunga, watu wanashusha sauti na kuinamisha kichwa upande wa kulia, bila hata wenyewe kujua. Watoto ambao hawakuwahi kumwona wanamjua kwa ule mdomo.

Picha zake ninazo. Iko moja ya siku aliyopewa cheti cha utumishi, meno yote nje. Huwa naitoa, naishika karibu na dirisha, namtazama, na kila sehemu naitambua, lakini inakuwa kama picha ya ndugu yake, shangazi fulani aliyefanana naye ambaye sikukaa naye sana. Nikiiweka chini na kufumba macho, anayekuja ni yule wa kwenye kioo, na taa yake juu.

Kitinda na mimi tunapigiana simu kila mwezi, sauti tu. Sijui yeye akifumba macho anamwona nani. Sijawahi kumuuliza.